Kitako cha Gobore la Babu

Mjomba wangu alishuka basi Ipogolo, hapa Iringa, asubuhi ya Jumanne na kiroba cha mbolea kilichofungwa kwa kamba ya katani. Nilikuwa mbele ya karakana yangu, napiga randa fremu ya mlango. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye meza yangu ya kazi, akasimama, akaangalia kushoto na kulia kama mtu aliyetoka kuiba kuku.

"Kamwene," alinisalimu kwa kilugha chetu.

"Kamwene, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Ingia ndani. Funga mlango."

Mjomba ni kaka wa mama yangu, mkulima wa mahindi na mpenzi mkubwa wa maneno. Nimemjua miaka yangu yote arobaini na sikuwahi kumwona akiongea kwa sentensi fupi namna ile. Niliingia, nikafunga. Akafungua kiroba chini ya dirisha na kutoa mtutu wa bunduki, mrefu karibu kunifika kifuani, mweusi kwa kutu. Kisha akatoa nyundo ya kufyatulia na springi yake, mdeki wa kushindilia baruti, na mfuko wa nailoni uliojaa vipande vya mbao vilivyoliwa na mchwa, vyepesi kama maganda ya karanga.

"Gobore la babu yako," alisema. "Nataka unichongee kitako."

Babu, baba yake mama na mjomba, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, kijijini kwao, mbele kidogo ya Nyololo. Kwa watu wa kule alikuwa mwindaji. Nguruwe pori walipoingia mashambani ni yeye aliyeitwa. Mimi nilikulia Iringa mjini na sikuwahi kumwona akifyatua, lakini hadithi zake nilizijua zote, kwa sababu mjomba alizisimulia kila Krismasi, pamoja na milio.

Nilimwambia mjomba kwamba mimi ni fundi wa milango, vitanda na makabati. Bunduki sijawahi hata kuishika.

"Kitako ni mbao," alisema. "Wewe ni fundi wa mbao. Shida iko wapi?"

"Unataka kuwinda?"

"Kuwinda nini na mgongo huu? Nalipeleka polisi. Kibali kilikuwa cha mzee, na mzee hayupo. Mtendaji wa kijiji amesema ni lazima tulikabidhi."

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, na sina hakika kama nimeacha hadi leo. Nilimuuliza, kama gobore linakwenda kukabidhiwa, litafungiwa stoo au litakatwakatwa, kitako kipya ni cha nini? Si apeleke tu huo mtutu?

Mjomba aliniangalia kwa masikitiko.

"Maiti haizikwi uchi," alisema.

Aliacha barua ya mtendaji yenye mhuri, kitabu cha kibali cha babu, na ahadi ya madebe mawili ya maharage, akaondoka. Barua ile niliigongomea ukutani juu ya meza. Wiki ile ile balozi wetu wa mtaa alikuja kuisoma mara mbili, akatikisa kichwa, akasema kwamba yeye haelewi lakini mhuri ni mhuri.

Nilianza kwa kupanga vile vipande juu ya meza kama mtu anayeunganisha sahani iliyovunjika. Sehemu ya mbele, ile inayobeba mtutu, ilikuwa imeisha kabisa. Shingo ya kitako, pale mkono unaposhika, ilibaki nusu. Sehemu ya nyuma inayokaa begani ndiyo iliyosalimika zaidi, labda kwa sababu ya mafuta ya mikono na jasho la shavu. Nilikata boksi la televisheni, nikachora juu yake umbo la kitako kwa penseli, na pale palipokosekana nikakisia.

Nilipokuwa nachora niliona upande mmoja wa kile kipande cha nyuma una shimo dogo, laini kama tumbo la kijiko. Shavu la mtu lilikuwa limelala pale miaka mingi. Nilikiinua, nikakiweka begani kwangu, bega la kulia kama nilivyowaona askari wakifanya. Shavu langu halikuingia. Shimo lilikuwa upande wa pili. Ili shavu liingie ilinibidi nikiweke bega la kushoto.

Nilimpigia mjomba simu.

"Mjomba, babu alikuwa anatumia mkono wa kushoto?"

"Kushoto? Baba? Mbona hata ukipokea ugali kwa kushoto alikuwa anakuchapa."

"Basi labda jicho lake la kulia lilikuwa bovu."

"Macho ya baba yalikuwa kama ya mwewe. Wewe chonga kitako, mpwa wangu. Acha upelelezi."

Nilichonga. Ubao wa kwanza ulikuwa wa mkaratusi, kwa sababu ndio niliokuwa nao, unene wa inchi mbili na nusu. Nilikata umbo kwa msumeno, nikaanza kuchimba mfereji wa mtutu kwa patasi. Mlango unasamehe, ukikosea kidogo unaziba kwa vumbi la mbao na gundi. Mtutu hausamehe. Ni mnene nyuma na mwembamba mbele, na mfereji lazima uufuate kama soksi inavyofuata mguu. Nilipaka mtutu masizi ya sufuria, nikaulaza kwenye mfereji, nikaunyanyua. Penye weusi ndipo palipogusa, hapo nikachimba kidogo. Nikapaka tena. Nikalaza tena. Nikaugonga kwa nyundo ya mpira ukae. Siku tano zilikwisha hivyo, mikono yangu myeusi, wateja wananiuliza milango yao na mimi nasema kesho.

Siku ya sita nilikuta ubao umepasuka kuanzia shingo hadi nyuma. Mkaratusi ulikuwa haujakauka vizuri. Nilikaa chini, kando ya meza yangu, kama mtu aliyefiwa. Nilishangaa kwa nini nimeumia hivyo kwa ajili ya kitu kinachokwenda kufungiwa stoo.

Wiki iliyofuata nilikuwa na kazi ya kufunga milango ya kabati la mteja Mbeya. Nilipomaliza nilikwenda sokoni Mwanjelwa kwa mzee mmoja muuza mbao, mtu mwenye kofia ya mkono, baba zake walitoka pwani zamani wakaja na biashara wakabaki. Alikuwa ameketi kwenye kivuli cha mbao zake.

"Natafuta ubao wa mninga uliokauka," nilimwambia. "Kama urefu huu."

"Wa kazi gani?"

Sijui ni nini kilinishika. Nilikuwa na nakala ya barua mfukoni, sikuwa na kosa lolote, lakini neno bunduki halikutoka.

"Mguu wa meza."

Mzee alinyoosha mkono. Nilimpa boksi langu la kupimia. Aliligeuza, akaliinua juu, akalitazama kwenye mwanga.

"Mwanangu," alisema, "meza yako ina bega?"

Nilicheka kwa aibu, nikamwonyesha barua. Aliisoma bila miwani, akairudisha, akainuka. Hakuuliza tena. Alipangua mbao moja moja hadi akafika chini kabisa, akatoa ubao mwekundu uliokolea, mzito, wenye utando wa buibui. Akaulaza na kuweka boksi langu juu yake, akalizungusha kidogo kidogo hadi akaridhika.

"Ona mistari ya mti," alisema. "Inakuja imenyooka, hapa inapinda, inashuka. Shingo yako iweke hapa inapopinda. Ukiweka kwingine mistari itakatika, na shingo itakatika." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Litapiga tena?"

"Hapana. Linakabidhiwa."

"Alaa," alisema. "Na unalitafutia mninga."

Nilimwambia hata mimi sielewi. Akasema si lazima fundi aelewe kila kitu.

Ule mninga ulikuwa mti wa heshima. Harufu yake ilijaa karakana. Nilirudia kila kitu, masizi, patasi, nyundo ya mpira. Safari hii mtutu ulikaa hadi karatasi haikupita kati yake na mbao. Nilichimba nafasi ya nyundo na springi. Nyuma nilikata sehemu ya kukaa begani, nikalainisha kwa tupa kisha kwa msasa, na hapo nikafika kwenye swali la lile shimo la shavu. Kuliweka au kutoliweka? Na kama ni kuliweka, upande upi? Mjomba alisema kwenye simu niache pawe sawa tu, kwani hakuna atakayelitumia. Lakini mti wa zamani ulisema kushoto. Nilikaa siku mbili nikilizungukazunguka. Mwishoni nilichonga kama nilivyolikuta, nikasema moyoni kwamba nikiulizwa nitasingizia mchwa.

Kazi ya mwisho ilikuwa mdeki. Mdeki hukaa kwenye mfereji wake chini ya mtutu, na nilitaka urefu wake ulingane. Niliutumbukiza ndani ya mtutu ufike mwisho, nikaweka alama mdomoni kwa penseli. Kisha nikauweka nje, sambamba na mtutu. Kulikuwa na shibiri nzima imepungua. Mdeki haukufika mwisho. Kulikuwa na kitu ndani.

Nilidhani ni nyigu wamejenga kwa udongo. Karibu na karakana yangu anaishi mzee aliyewahi kuwa askari wa wanyamapori, sasa anafuga kuku. Nilimwita anisaidie kuzibua. Alikuja akitafuna muwa, akaingia, akachukua mdeki, akapima ndani, akapima nje. Akatoa muwa mdomoni.

"Umeligonga hili?"

"Nimeligonga wiki mbili."

"Na nini?"

"Na nyundo."

Aliugeuza mdomo wa mtutu kuelekea ukutani, taratibu, kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala. "Hakuna nyigu humu," alisema. "Limeshindiliwa. Toka nje, na watoe mafundi wenzako."

Nilitoka kinyumenyume. Nilikuwa nimeulaza mtutu ule mapajani mwangu. Nilikuwa nimeuchungulia mdomoni nikitafuta kutu. Tulisimama kando ya barabara sisi sote watano, malori yanapita, wakati yule mzee ndani anamimina maji kwenye mtutu. Alisema hatagusa kitu hadi kesho, baruti ilowe kabisa. Siku ya pili alifunga skrubu kwenye ncha ya waya mrefu, akavuta. Kilitoka kwanza kitambaa kilichosokotwa, kisha vipande saba vya nondo, kisha kitambaa kingine, na mwisho uji mweusi wa baruti.

Kile kitambaa nilikikunjua juu ya meza. Kilikuwa pindo la kanga. Rangi ilikuwa imekwisha lakini mistari ya pindo ilionekana.

Nilimpigia mjomba nikamweleza. 

"Haiwezekani," alisema. "Baba hakuwahi kuliacha limeshindiliwa. Hata siku moja. Alisema bunduki yenye baruti ndani ya nyumba ni nyoka."

"Sasa nani alilishindilia?"

"Mimi nitajuaje?" Akaongeza, "Kanga hata mwanaume anaweza kuchana."

Kweli, anaweza. Niliweka pindo lile ndani ya bahasha.

Jumamosi tulilipeleka Nyololo kwa pikapu ya mteja wangu, gobore limefungwa blanketi, barua mfukoni mwa mjomba. Alikuwa amekuja kulifuata na alipoliona alilipapasa kutoka mdomoni hadi begani, akasema neno moja tu, "Ehe," akageuka kufuta macho. Tulipanga tupite nyumbani kwanza, bibi alione, halafu ndipo tuende kituoni.

Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, anachambua maharage. Umri wake hakuna aujuaye. Siku nyingine ananiita kwa jina la kaka yangu, siku nyingine ananikumbusha deni la pipi nililomkopa nikiwa darasa la pili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umeniletea nini?"

Mjomba alifungua blanketi. Bibi alijifuta mikono kwenye kanga, akainuka kwa kushikilia bega langu, akalichukua gobore. Nilidhani litamwangusha. Alilipima uzito kwa mikono miwili. Kisha, bila kufikiri, kama unavyotia mguu kwenye ndala zako mwenyewe, aliliweka bega la kushoto, akalaza shavu. Shavu lilizama kwenye shimo nililochonga.

 Kuku mmoja alikuwa anadonoa maharage kwenye mkeka, na hakuna aliyemfukuza.

"Umelifanya zito mbele," bibi aliniambia. "La zamani lilikuwa jepesi."

"Mama," mjomba aliita. "Mama, nani alikufundisha kushika hivyo?"

"Kufundishwa?" Bibi alilishusha. "Walinifundisha nguruwe."

"Baba ndiye aliyekuwa anapiga."

"Baba yako alikuwa anaogopa mlio." Alilisema kwa upole, kama anavyosema fulani hali dagaa. "Alijaribu mara moja, masikio yakamlia siku tatu. Basi tukagawana. Mimi napiga, yeye anabeba. Nguruwe ni mzito, mwanangu. Mimi ningembeba?"

Mjomba aliweka mikono kichwani. Nilitoa ile bahasha, nikamwonyesha bibi pindo la kanga. Alilisogeza karibu na macho.

"Hili ni la kanga yako, bibi? Ndiyo uliyoshindilia nayo?"

"Kanga ni nyingi, mume wangu."

"Lilikuwa na baruti ndani. Nani aliliacha hivyo?"

Alilikunja lile pindo kidogo kidogo. "Kulikuwa na nguruwe mmoja alikuwa anarudi rudi," alisema. "Nilikuwa namsubiri. Halafu babu yako akaanza kuumwa." Akakaa tena kwenye mkeka, akamfukuza kuku. Nilipomuuliza ilikuwa mwaka gani, aliniuliza kama nimeshakula.

Mjomba alinivuta hadi nje ya uzio.

"Mama amezeeka," alisema. "Unamsikia mwenyewe anavyochanganya mambo. Mimi nilimwona baba kwa macho yangu haya."

"Ulimwona akipiga?"

"Nilimwona akirudi! Gobore begani, nguruwe mgongoni. Kijiji kizima kinamwona."

"Lakini akipiga, mjomba?"

 "Sasa ulitaka nimwone vipi?" alisema. "Nilikuwa mtoto. Nilikuwa nimelala."

 Nilitaka kumwamini bibi kwa sababu ya lile shavu. Lakini bibi huyo huyo, nusu saa baadaye, wakati wa chakula, alimsimulia jirani jinsi marehemu mume wake alivyomwangusha nguruwe dume kwa risasi moja, na alisimulia kwa mbwembwe zile zile za mjomba, pamoja na mlio. Niliangalia sahani yangu. Mjomba aliniangalia mimi, kama kusema, umesikia? Labda bibi alikuwa amesema uongo mara ya kwanza. Labda alikuwa amezoea kusema uongo wa pili miaka hamsini hadi umekuwa wake. Labda zote mbili zilitokea. Nilikula bila kujua ninachokula.

Kituoni askari aliyekuwa zamu alikuwa kijana mwenye heshima. Alilifungua blanketi akapiga mluzi.

"Hili jipya?"

"La zamani," mjomba alisema. "Kitako ndicho kipya."

"Kwa nini mmetengeneza kitu mnachokabidhi?"

Mjomba hakurudia maneno ya maiti. Alisema tu kwamba tulitaka lije likiwa kamili. Askari alivuta daftari, akaanza kuandika. Namba. Aina. Hali yake, ambayo aliandika "nzuri sana," na ninakiri nilifurahi. Kisha akauliza, "Mtumiaji wake alikuwa nani?"

Mjomba alianza kukunja blanketi. Kalamu ilisubiri.

"Andika la familia," alisema.

"Mzee, hapa wanataka jina moja."

Mjomba alinigeukia. Sijui alitaka nimsaidie kusema nini. Nilitazama kidole changu chenye masizi ambayo sabuni ilishindwa kuyatoa. Mwishoni alitaja jina la babu, kama lilivyokuwa kwenye kitabu cha kibali, na askari akaandika. Alifunga kikaratasi kwenye mdomo wa mtutu kwa uzi, akalichukua, akaingia nalo chumba cha ndani. Tulisikia kufuli.

Tulikwenda kwenye kibanda kando ya barabara kuu, tukaagiza chai na chapati. Pikapu ilikuwa imesharudi, mimi nasubiri basi la Iringa. Mjomba alikoroga chai yake muda mrefu ingawa hakutia sukari.

"Asubuhi za nguruwe," alisema ghafla, "uji alikuwa anapika baba."

"Babu alipika uji?"

"Siku hizo tu. Siku nyingine hata jikoni haingii. Sisi watoto tunaamka, tunamkuta kwenye mafiga anakoroga, anatuambia msipige kelele, mama yenu amelala. Na mama alikuwa amelala kweli, hadi jua liko juu." Akaonja chai, akakunja uso. "Mimi nilidhani anapika kwa furaha ya nyama."

Nilimuuliza sasa anadhani nini. Alisema hadhani kitu. Alisema uji wenyewe ulikuwa na madonge. Basi langu likatokea kwenye kona, kondakta akininginia mlangoni anaita Iringa, Iringa. Mjomba alinisukumia chapati yake ambayo hakuigusa, imefungwa gazeti, nikakimbia kuvuka barabara.